Kati ya Kichwa na Ukuta

Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga inawashwa, moyo wangu unaruka, tena kwa furaha. Wanangu wananicheka: mama mzima, mwenye heshima zake, anasimama barabarani na mfuko wa nyanya anashangilia mashine ya kusaga! Nawaacha wacheke. Hawakuwepo mtaani kwetu Pasiansi siku ile umeme uliporudi katikati ya posa ya dada yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiwa na hamu ya kusimulia huwa naanzia katikati na kila mtu anapotea.

Baba yangu alikuwa mtu wa kiwandani. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa na kufungwa, naye alipunguzwa pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake na hasira zake. Hasira alikaa nazo kidogo tu, kwa sababu miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa na kila mtu alikuwa na mpango. Huyu kaleta mitumba, yule kafungua kibanda cha video, ng'ambo ya barabara mtu kanunua mashine ya kusaga, na kando ya ziwa viwanda vya samaki vinajengwa usiku na mchana. Baba akatoboa ukuta wa chumba cha mbele, akaweka dirisha la nondo, akapanga sabuni, betri, biskuti za Kenya na kanda za kaseti. Tukawa watu wa duka! Mimi nilitembea shuleni wiki nzima kidevu juu.

Tulikuwa wasichana watatu. Dada mkubwa alikuwa amemaliza shule na anajua kushona. Mimi nilikuwa wa kati, mdomo mwingi, darasa la tano. Wa mwisho, mdogo wangu, alikuwa anakaribia miaka minane na hajawahi kusema neno. Hospitali walisema ana mtindio wa ubongo. Mtaani walisema mengine, na waliyoyasema siyaandiki hapa, wakayameze wenyewe. Alitembea kwa vidole vya miguu, alipenda kuzungusha mfuniko wa sufuria sakafuni na kuutazama mpaka utulie, na alipenda maji. Jumapili baada ya ibada baba alikuwa anambeba mabegani mpaka kwenye yale mawe makubwa ya ziwani, anamkalisha, anamtumbukiza miguu. Mtoto anacheka mpaka anapata kwikwi. Baba naye anacheka. Hiyo ilikuwa kabla ya duka.

Duka lilipofunguliwa, wateja wakaanza kuingia mpaka uani kuomba chenji, kuomba maji, kuomba kukopa. Wengine wakimwona mdogo wangu wanarudi nyuma. Mama mmoja aliacha hata chumvi yake kwenye meza. Baba akasema mtoto akae chumbani kwanza, mpaka biashara ichanganye. Biashara ikachanganya, ikachanganya tena, na ile "kwanza" haikuisha. Chumba chake kilikuwa cha nyuma kabisa, pembeni ya stoo, na komeo la mlango lilikuwa upande wa nje.

Sasa, kelele. Mdogo wangu hakuzivumilia. Mashine ya kusaga ikiwashwa tu, anakwenda ukutani na kuanza kupiga kichwa. Paji la uso lote, pa, pa, pa, mpaka mashine izimwe. Mama alishonea mito ukutani, mtoto akahamia palipo wazi. Mama akamshika, naye alijirusha kwa nguvu ambazo hungeamini zinatoka katika mwili ule. Jioni mama anachemsha maji ya chumvi, anamkanda uvimbe, na wote wawili wanalia. Mimi nilikuwa natoka nje nikiwa nimekasirika, nikirushia vijiwe ukuta wa mashine.

Halafu akaja mbwa.

Wezi wa Pasiansi waligundua duka letu mapema kuliko wateja. Walipovunja dirisha mara ya pili, baba alikwenda Misungwi, kwao, akarudi na mbwa dume wa rangi ya kahawia, masikio yamelala, aliyezaliwa kwenye boma la ng'ombe. Mimi nilimrukia kwa furaha. Baba akanirudisha nyuma kwa kola ya sare.

"Huyu si wa kuchezea. Huyu ni wa duka."

Baba hakujua kufuga mbwa mkali, ila jirani yetu fundi baiskeli alijua kila kitu, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kufuga hata kuku. Fundi alikaa kwenye benchi la dukani akatoa darasa. Mbwa mkali haoni jua: mfungie gizani mchana kutwa, umtoe watu wakishalala. Mbwa mkali haguswi. Mbwa mkali hapewi jina, ukimpa jina anakuzoea. Changanya pilipili kichaa kwenye ugali wake. Ukipata kiota cha nyigu, kisage, mpe na nyigu wake, ule uchungu utamwingia damuni. Usicheke, ndivyo watu walivyofanya mbwa wakali, na wapo wanaofanya mpaka leo.

Baba alifuata yote. Mbwa akafungiwa stoo. Kazi ya kumpitishia chakula kwenye kidirisha nilipewa mimi: ugali wenye pilipili, na juu yake mapanki, yaani vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki viwanda vikishachukua minofu ya kwenda Ulaya. Nilikatazwa kumsemesha. Mimi, nikatazwe kusema! Niliweka sufuria nikiwa nimeuma midomo.

Na dawa ilifanya kazi, au sisi tuliamini hivyo. Mbwa akawa mkali wa kutisha. Wa kwanza kung'atwa alikuwa fundi baiskeli mwenyewe, aliyekuja alfajiri kuangalia maendeleo ya mwanafunzi wake. Akaondoka na nusu ya suruali. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hakuna mwizi aliyesogelea dirisha letu, na wateja walinunua sukari wakiwa wamesimama mbali na mlango.

Baada ya hapo nyumbani kukaanza kutokea jambo la ajabu. Uvimbe wa mdogo wangu ulipungua. Kwanza tulidhani mashine ya jirani imeharibika, lakini hapana, ilikuwa inanguruma kama kawaida. Paji la uso likapona, ngozi ikarudi laini, na maji ya chumvi yakawa hayana kazi. Mama alisema ni maombi ya akina mama wa kanisani, waliofunga kwa ajili yake. Baba alisema ni mizizi aliyopewa na bibi kule Misungwi. Wakabishana kwa furaha, mezani, kitandani, kila mmoja anashangilia ushindi wake, na dada akawa anawachochea.

Mimi nilikuwa nafua. Na katika gauni la mdogo wangu nikakuta manyoya. Ya kahawia, mafupi, yamejaa kifuani na kwenye mikono. Nikayatazama nikasema moyoni, haya si ya maombi wala si ya mizizi.

Kesho yake nilitoroka shule saa ya mapumziko. Nilipitia uani, nikachungulia kwenye ufa wa dirisha la chumba chake. Alikuwa amekaa sakafuni na mfuniko wake. Mashine ng'ambo ya barabara ilikuwa bado imezimwa. Ghafla akaacha mfuniko. Vidole vyake vikaanza kusuguana, haraka haraka, na pumzi ikabadilika. Alikuwa amesikia kitu ambacho mimi sikukisikia, labda mwenye mashine alikuwa anafunga mkanda tu.

Ukuta kati ya chumba chake na stoo ulikuwa wa mbao, na sakafu ya stoo ilikuwa ya udongo. Ubao wa chini ukasogea. Ukasogea tena. Kikatokea kichwa cha mbwa, halafu mabega, halafu mbwa mzima, amejaa vumbi, akitambaa kwa tumbo. Yule yule aliyemvua fundi suruali, ndani ya chumba kimoja na mdogo wangu!

Mashine ikawashwa. Mdogo wangu akainuka, akaenda ukutani, akarudisha kichwa nyuma kama kawaida yake. Na mbwa akapita chini ya mkono wake, akajilaza ubavu kwa urefu, mgongo ukutani, tumbo kwake. Kichwa kikashuka, kikatua kwenye mbavu za mbwa. Pu. Mbwa akatoa pumzi. Kikashuka tena. Pu. Mbwa akajisogeza kidogo, akauleta upande wa tumbo palipo laini zaidi. Hakubweka, hakulamba, hakutikisa mkia. Alikuwa amefumba macho na anapokea. Mapigo yakapungua, yakawa mazito, mwisho mdogo wangu akauacha uso wake pale pale kwenye manyoya, vidole vimeshika sikio moja lililolala. Mashine ilinguruma weee, na yeye hakuinua kichwa.

Nakwambia nililia na kucheka kwa pamoja, peke yangu, nyuma ya nyumba. Nilikimbia kumwambia dada, ambaye alikuwa anashona kwenye baraza la jirani, nikamvuta mpaka kidole chake kikachomwa sindano. Akachungulia. Akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jeupe.

"Baba asijue," akasema. "Atapigilia ule ubao misumari leo leo. Atasema mbwa anaharibika."

Hilo lilikuwa kweli. Mbwa wa duka haguswi. Tukakubaliana kunyamaza, na siri ile nusura inipasue. Nilipunguza pilipili kwenye ugali kidogo kidogo mpaka ikaisha, na mbwa akaendelea kuwa mkali vile vile, kwa hiyo fundi hata hilo hakulijua. Kila siku nilikuwa nachungulia. Nikaona kwamba mbwa haingojei mashine. Anangoja vidole. Vidole vya mdogo wangu vikianza kusuguana, hata mbwa akiwa upande wa pili wa ubao ambako havioni, ubao unasogea.

Sasa dada akapata mchumba. Kijana mwenye kazi, mpole, watu wa Magu, na barua ya posa ikaja na kujibiwa. Nyumba ikachangamka. Lakini posa ina mambo yake: watu hawaangalii binti tu, wanaangalia na ukoo. Wanauliza kama kuna ugonjwa, kama kuna kichaa, kama kuna mtoto "asiyekamilika", ndivyo walivyosema. Katika familia nyingi tulizozijua, wageni wa posa wakitangazwa, kuna mtu anayehamishiwa kwa jirani kwa siku moja. Kwetu ilikuwa zaidi ya siku moja. Nilimsikia baba akimwambia mama uani.

"Wageni wakishaondoka, kesho yake nampeleka Misungwi kwa bibi. Akae kule. Hewa ya kule nzuri."

"Bibi mwenyewe anashikwa mkono kwenda chooni," mama akasema.

"Hapa wakwe watakuwa wanaingia na kutoka. Tutamficha mpaka lini?"

Mama alipakia begi dogo, nguo zote za mdogo wangu na ule mfuniko wa sufuria, akaliweka nyuma ya mlango. Nilijua maana yake. Akienda, harudi. Na mbwa hataenda naye, kwa sababu mbwa ni wa duka.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi. Asubuhi umeme ulikuwa umekatika, mgao, na kwa mara ya kwanza maishani nilimshukuru Mungu kwa mgao. Hakuna umeme, hakuna mashine. Mama alipika wali, kuku na sangara wa nazi. Mdogo wangu akalishwa mapema, akafungiwa. Halafu baba akafanya kosa lake. Sebule ilikuwa inapakana na stoo, akaogopa mbwa atawabwekea wakwe, kwa hiyo akamtoa na kumfunga kwa mnyororo kwenye tawi la mpera nyuma ya jiko.

"Baba, mwache tu stoo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Amezoea."

"Huyu hazoei kitu," akasema baba. "Nenda kavae viatu."

Wakaja. Baba wa kijana, baba yake mdogo, mshenga mwenye koti zito ingawa jua lilikuwa kali, na bibi yake kijana, mzee wa fimbo ambaye alituitikia shikamoo zetu moja moja huku anatutazama usoni. Wakakaa kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa alivyofuma dada. Soda zikafunguliwa. Mshenga akakohoa, akaanza yale maneno yao: kwamba wamepotelewa na ndama, wamefuata nyayo, nyayo zimeishia mlangoni kwetu. Baba akajibu kwamba nyayo ni nyingi, waeleze ndama mwenyewe ana rangi gani. Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri sana! Mimi na dada tulikuwa nyuma ya pazia la korido, tumeshikana mikono, tunazuia vicheko.

Ndipo umeme ukarudi.

Pasiansi nzima ikapiga yowe la furaha, watoto wakakimbia barabarani wakiimba "umemeee!" Redio ya sebuleni, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikalipuka kwa muziki. Baba akairukia akaizima. Na ng'ambo ya barabara, ambako wateja walikuwa wamepanga foleni ya debe tangu asubuhi, mashine ikanguruma.

Pa.

Dada akaniminya mkono.

Pa. Pa. Pa.

Picha ya ukutani sebuleni ikatikisika. Wageni wakatazamana.

"Nini hicho?" akauliza baba wa kijana.

Nilimwona baba kupitia tundu la pazia.

"Ni mbuzi," akasema. "Tumemfunga huko nyuma."

Mshenga akadhani ni sehemu ya mchezo wa maneno. Akacheka kwa sauti, akapiga goti lake. "Sisi tumekuja kwa ajili ya ndama, mzee. Huyo mbuzi bakini naye!" Wote wakacheka. Baba naye akajaribu kucheka, kicheko kikaishia njiani. Mama alikuwa amesimama na sinia la wali. Pa. Pa. Mimi nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka.

Nyuma ya jiko kukasikika kishindo cha mti.

Mpera si mti wa kufungia mbwa. Aliingia kwa mlango wa nyuma, mbio, na mnyororo, na tawi zima la mpera likimfuata na majani yake na mapera mabichi! Alipita kati yangu na dada, tawi likashika pazia, pazia likang'oka na fimbo yake, na mbwa akajikuta sebuleni akitafuta kona. Wageni walipanda juu ya makochi. Mshenga aliinua miguu yote miwili na koti lake. Soda zikamwagika. Mbwa mla suruali, na suruali zote zile mbele yake, hakuitazama hata moja. Akageuka, akarudi koridoni, akafika kwenye mlango wa mdogo wangu, akaanza kuukwaruza kwa kucha, anaguna kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Pazia halikuwepo. Kutoka sebuleni korido yote ilionekana, na mlango, na komeo.

"Usifungue," baba akasema.

Nikafungua.

Mdogo wangu alikuwa ukutani, na safari hii kulikuwa na damu. Mbwa akaingia na mnyororo wake na tawi lake, akapita chini ya mkono wake, akajilaza mahali pake. Kichwa kikashuka, kikatua ubavuni. Pu. Pu. Mbwa akafumba macho, akaugeuza upande wa tumbo. Mapigo yakalegea. Vidole vyake vikatafuta lile sikio, vikalipata. Mashine ilikuwa bado inanguruma, na mtoto alikuwa ametulia.

Wageni walikuwa wameshashuka kwenye makochi, wamejazana koridoni nyuma yetu. Baba alisimama mbele yao wote. Alitazama ubao wa chini uliosogezwa, alitazama sakafu iliyolainika kwa kutambaliwa, alitazama manyoya. Nilimwona anaelewa kitu kimoja baada ya kingine. Kumbe mbwa wake wa gizani alikuwa na kazi nyingine mchana kutwa.

Baba wa kijana akasafisha koo. "Mzee mwenzangu, huyu ni nani?"

Jibu lilikuwepo tayari. Mtoto wa jirani. Wote tulikuwa tumefundishwa kusema hivyo. Mama alifumba macho.

"Sisi hatufugi mbuzi," akasema baba. "Huyu ni mwanangu. Wa mwisho. Anaishi humu."

Kisha akaingia, akapiga magoti pembeni ya mbwa ambaye hakuwahi kumpapasa tangu amlete, akafungua mnyororo, akaanza kuchambua majani ya mpera kwenye nywele za mtoto. Dada alikuwa analia, lakini alikuwa amesimama wima, na aliniambia sikioni kwamba wakiondoka, basi waende.

Wanaume wakatoka nje kushauriana. Bibi hakutoka. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa chumba, fimbo mapajani, akatazama kwa muda mrefu mbavu za mbwa zinavyopanda na kushuka.

"Zile kelele zinamuumiza," akamwambia mama. Hakuuliza.

"Ndiyo, mama. Tangu mchanga."

"Mayo wane," akasema kwa sauti ya chini, yaani mama yangu we. "Huyu wenu amepata mbwa."

Wanaume waliporudi, mshenga hakutaja ndama tena. Alisema kwa kifupi kwamba wameridhika, watarudi na mahari, na kama wali bado upo, wana njaa. Nilikimbia jikoni huku naruka. Bibi akataka mtoto aletwe mkekani ale pamoja nao. Akaletwa. Mbwa akafuata, akalala nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kusema mahali pa mbwa ni nje.

Jioni ile baba alichukua bisibisi dukani, akaling'oa komeo. Halafu akambeba mdogo wangu mabegani, mzito sasa, miguu imerefuka inamfika kiunoni, akashuka naye ziwani mbele ya macho ya wateja wote. Mbwa akawa nyuma yao bila kamba. Mimi nilikimbia mbele, nikirudi, nikikimbia tena. Kwenye yale mawe mtoto alitumbukizwa miguu, akacheka mpaka akapata kwikwi, na mbwa akabweka kwa mara ya kwanza mchana kweupe. Tuliporudi mama alikuwa amelipakua begi. Mfuniko ulikuwa sakafuni, unamngoja mwenyewe.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe.

Siku ya mahari watu wa Magu walikuja wengi. Sebule ilijaa, wengine wakakaa barazani. Mdogo wangu alikuwa amekalishwa kwenye kigoda karibu na ukuta, pembeni ya baba, gauni jipya, na mbwa miguuni pake. Mshenga alipoingia alimtazama mbwa, akachagua kochi la mbali. Wa mwisho kuingia alikuwa bibi, na ameshika mkono wa kijana mmoja ambaye hatukuwahi kumwona wala kusikia habari zake. Mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anatazama chini. Hakuna aliyemtambulisha. Akasimama katikati ya chumba.

Mbwa akainuka. Mshenga akainua miguu. Mbwa akapita suruali zote, moja baada ya nyingine, mpaka kwa yule kijana, akasimama. Nikatazama mikono ya kijana. Vidole vyake vilikuwa vinasuguana, haraka haraka. Mbwa akajiegemeza taratibu kwenye mguu wake, uzito wote, akabaki hapo.

"Huyu ni mdogo wake bwana harusi," akasema bibi. "Siku ile tulimwacha nyumbani. Na sisi tunalo komeo."

Ng'ambo ya barabara mashine ikanguruma, na sote kwa pamoja tukageuka kumtazama mdogo wangu, maana mbwa hakuwa mahali pake. Alikuwa tayari amerudisha kichwa nyuma. Kikashuka, lakini hakikufika ukutani. Kilitua kwenye kiganja cha baba, ambaye alikuwa ameshakiweka hapo.